Daktari wa Waranti

Mtu anayelitengeneza gari lake kwa siri hujulikana kwa shingo. Nasif aliligundua hilo asubuhi moja pale Mbarara, alipokuwa akikatiza nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi kumtafuta mtu yeyote wa kumnunulia chai. Chini ya gari jipya lenye rangi ya maziwa ilitokeza miguu miwili ndani ya soksi safi, na viatu vimepangwa pembeni kama mlangoni mwa msikiti. Kila bodaboda ilipopita, miguu ilijikunja. Kisha shingo ikachomoza upande wa pili, ikatazama kushoto, ikatazama kulia, ikarudi uvunguni kama ya kobe.

"Hajji Sulait," Nasif aliita kwa upole. "Umeangusha kitu?"

"Nyamaza wewe! Pita kama hujaniona."

"Sijakuona, Hajji. Lakini hata nisipokuona, oili inakumwagikia kwenye ndevu."

Hajji Sulait, muuza saruji na mabati, mtu ambaye akikohoa sokoni bei ya misumari hupanda, alitambaa kutoka uvunguni akiwa mweusi toka paji la uso hadi kifuani. Alimvuta Nasif nyuma ya rundo la nondo, akamweleza kwa mnong'ono. Gari alilinunua jipya kabisa, kwa kampuni moja ya Kampala, na kampuni ilimpa waranti ya miaka kadhaa. Kitu chochote kikiharibika, wanatengeneza bure. Lakini yule kijana wa mauzo, mwenye tai nyembamba, alimtazama machoni akamwambia: Hajji, mkono wa mtu mwingine ukigusa injini hii, waranti imekufa.

"Na wao kubadilisha oili wanataka niende mpaka Kampala," Hajji alilalamika. "Oili, Nasif! Mimi nilibadilisha oili ya Land Rover ya baba yangu kabla ndevu hazijaota. Sasa najificha kama nimeiba mbuzi."

"Wako wengi kama wewe, Hajji?"

"Eh! Kila mwenye gari jipya mjini humu. Sisi sote tunafungua boneti tukiwa tumefunga geti."

Haifai msimulizi kumcheka tajiri, lakini ukweli ni huu: kijitabu cha ile waranti kilikuwa ndani ya gari lenyewe, na kilieleza bila kuficha kwamba mwenye gari anaruhusiwa kubadilisha oili yake mwenyewe, mradi atumie oili inayotakiwa na atunze risiti. Hajji hakujua. Kijitabu kilikuwa bado ndani ya nailoni yake, na nailoni ilikuwa nzuri mno kuichana. Hofu ya mtu asiyesoma ni shamba lenye rutuba, na Nasif alikuwa amezaliwa mkulima wa namna hiyo.

Usimdhanie kuwa mwizi. Kuvunja kioo cha gari aliona ni kukosa adabu. Yeye alipendelea mtu ampe kitu kwa mkono wake mwenyewe, na ikiwezekana amshukuru. Aliwahi kuwauzia watu wa harusi dawa ya kuzuia mvua, na mvua haikunyesha hata tone, kwa kuwa ilikuwa kiangazi. Mpaka leo wale maharusi humsalimia kwa heshima.

Siku ile ile alikwenda kwa dada yake mkubwa, Kulusum, aliyekuwa na duka la maziwa, akamwomba koti jeupe la wafanyakazi.

"La nini?" Kulusum aliuliza bila kuacha kupima maziwa.

"Nimekuwa daktari."

"Wa watu au wa ng'ombe?"

"Wa waranti."

Kulusum aliweka kikombe chini. Alimjua mdogo wake tangu siku alipoanza kusema, maana hata neno lake la kwanza lilikuwa la uongo. "Nasif, uongo ni kama maziwa. Ukiyaacha motoni ukaanza kujisifu, yanamwagika yote na jiko linazima."

"Ndiyo maana nataka koti, dada. Nisichafuke."

Akapewa. Akaongeza tochi ndogo ya mwanga wa buluu, ile wanayotumia wenye maduka kumulika noti bandia, na stika nyekundu alizochapisha zenye maandishi manene: WARANTI IMEFUNGWA, USIGUSE. Hivyo ndivyo mji wa Mbarara ulivyopata mtaalamu ambaye haukuwahi kujua kwamba unamhitaji.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Madam Zahida, mwenye duka la nguo za harusi, aliyekuwa amesimamisha gari lake jipya kwenye kivuli cha hoteli. Nasif alilizunguka akiguna. Akamulika boneti. Akaguna tena, safari hii kwa huzuni.

"Nyabo, bibi mheshimiwa, nimetumwa na kampuni. Tafadhali nifungulie boneti hii."

Nasif hakujua boneti hufunguliwaje. Kwake injini ilikuwa kama mji wa Nairobi, ambao alijua kwamba upo, na kwamba una fujo, lakini hakuwahi kuingia. Zahida alipofungua, Nasif alielekeza tochi kwenye kitu cha kwanza kilichong'aa.

"Hapa kuna alama za vidole."

"Ni maji tu niliongeza!" Zahida akashika mdomo. "Maji ya kuoshea kioo!"

"Wote wanaanza na maji, nyabo."

"Na sasa?"

Nasif alizima tochi polepole, kama mtu anayemfunika marehemu. "Waranti hii imekata roho. Lakini bado ina joto. Nikiiwahi, inaweza kufufuka."

Zahida alilia, akalipa, stika ikabandikwa, akamshika Nasif mikono yote miwili akamwombea dua. Wiki ile na zilizofuata, daktari alifufua waranti kwenye maegesho ya hoteli, nje ya kumbi za harusi, na hata kando ya Mto Rwizi walikokuwa wakiosha magari. Alimfufulia mwalimu mkuu, akamfufulia muuza ndizi wa jumla, akamfufulia bwana mmoja ambaye gari lake lilikuwa kuukuu na halikuwa na waranti yoyote. Alipoambiwa imefufuka, bwana huyo alifurahi kuliko wote.

Kwa jasho hilo, kama tunaweza kuliita jasho, Nasif alijinunulia gari. Dogo, jekundu kama nyanya, jipya, na waranti juu. Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Usiku na mchana Nasif aliwaambia watu kwamba mkono ukigusa injini waranti inakufa, na mwisho wa yote akaamini. Boneti ya gari lake hakuifungua hata mara moja. Mvua ikilinyeshea alilifuta kwa shati lake. Lilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake kilichokuwa kipya, chake, chenye jina lake, na wakati mwingine alikaa ndani bila kwenda popote, akinusa viti tu.

Lakini mji una masikio. Madam Zahida alikutana na mwalimu mkuu kwenye harusi, wakaanza kulinganisha stika. Nasif alipoona watu wanaanza kuzigeuzia shingo nguo nyeupe, hata za wauguzi wasio na hatia, alikumbuka maneno aliyoyasikia kwa abiria mmoja aliyempa lifti: kule Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kuna mama mmoja Mkongomani anayeitwa Mariette, mfanyabiashara wa maharage, mwenye pikapu mpya ya buluu. Na mume wake huitengeneza mwenyewe, hapo hapo uani, kila mtu akitazama.

"Mkimbizi mwenye gari jipya," Nasif alijiambia akiwasha lile jekundu. "Huyo hata tochi haihitaji."

Akashika njia ya Isingiro, vumbi likimfuata, akaipita Kabazana, pale wageni wapya wanapoandikishwa, akauliza njia kwa watu ambao wote walijibu upesi mno na kwa tabasamu pana mno. Mtu mwingine angejiuliza. Nasif aliona ni ukarimu.

Pikapu ilikuwa uani kwa Mama Mariette, ikimeremeta kama bibi harusi. Viti vilikuwa bado na nailoni. Harufu ya upya ilimfikia Nasif kabla hajashuka. Mama Mariette alitoka ndani, mnene, mwenye kitenge cha majani makubwa, akifuta mikono.

"Karibu, Papa, karibu sana. Nestor! Leta kiti, mugeni amefika."

Mzee Nestor, mumewe, alileta kiti. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, na uso wa mtu anayeomba radhi hata kabla hujamlaumu.

"Mama, mimi natoka kwa kampuni ya magari," Nasif alisema akivaa koti lake. "Nimekuja kuangalia hali ya waranti."

"Garanti?" Mama Mariette alishika kifua. "Yesu wangu. Nestor, nilikuambia batakuja! Nilikuambia!"

Nestor aliketi chini, pu, kama gunia lililokatwa kamba.

Boneti ilifunguliwa. Nasif aliona vyuma vilivyooshwa vikang'aa, na kwa kuwa alikuwa hajui chuma kipi ni kipi, aliridhika sana. Akamulika. Akaguna. Akaanza kusema kuhusu vidole.

"Ni yeye!" Mama Mariette alipiga kelele akimwonyesha mumewe. "Papa Inspecteur, usimufunge. Ni mimi nilimutuma. Tulisema Kampala iko mbali, wacha tubadilishe mafuta siye wenyewe. Nestor, sema ile uliweka!"

"Mawese," Nestor alisema kwa sauti ndogo.

"Nini?"

"Mafuta ya mawese, Papa. Lakini ilikuwa ya muzuri. Ile ya kupikia bageni."

Nasif alilazimika kugeuka na kukohoa ukutani mpaka kicheko kipite. Mawese kwenye injini! Majirani walikuwa wamekusanyika ukutani mwa ua, wengine wakiwa wameshika vinywa. Nasif alidhani wanahuzunika.

"Mama," alisema alipoweza, "kuna njia ya kuifufua waranti hii. Ni kazi ngumu, na ina gharama yake."

"Papa, gharama tutatoa fasi gani? Pesa yote iko kwa maharage, na maharage iko kwa shamba." Mama Mariette alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akasema, polepole, kama mtu asiyejua kama swali lake lina maana: "Ichukue tu gari yenyewe. Uipeleke kwa kampuni, baitengeneze. Ikipona, mutaturudishia. Siye tunakuamini."

Nasif alihisi moyo wake ukiruka teke. Pikapu nzima! Kwa kuaminiwa tu! Alianza kuiona tayari ikiuzwa kwa jamaa mmoja wa Masaka ambaye hakuwa na tabia ya kuuliza maswali.

"Kampuni inaweza kukubali," alisema akikunja uso kwa uzito wa kazi.

"Shida ni moja tu." Mama Mariette alitazama chini. "Bilo siku zote gari iko hospitali, maharage yangu itaenda soko na nini? Mimi sina shule, Papa, lakini nilisikia kampuni ya wazungu, mutu akipeleka gari hospitali, banamupatia ingine ya kutembelea. Ao ni uongo?"

Wote walitazama gari jekundu.

Hapo Nasif alisita. Alitaka kusema hapana. Aliangalia lile gari dogo, likiwa limetulia juani na vumbi la Isingiro mgongoni. Lakini akaitazama pikapu. Mtu mwenye akili hupima, na Nasif alikuwa na akili nyingi, zote upande mmoja. Kwa bei ya pikapu ile angenunua mekundu mawili. Angeyapa majina.

"Si uongo, Mama," alisema. "Ni haki yako kabisa. Kampuni inakupa gari hili."

"Sema kwa sauti, Papa, majirani basikie, kesho basiseme niliiba."

"Kampuni inampa Mama Mariette gari hili!" Nasif alitangaza, mkono juu, na ua mzima ukapiga makofi na vigelegele.

Funguo zikabadilishana mikono. Mama Mariette hakumwacha aondoke hivi hivi. Alimlisha ugali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akamjazia magunia mawili nyuma ya pikapu, zawadi ya mkubwa wa kampuni, na akamwekea kuku kwenye kiti cha mbele, miguu imefungwa, zawadi yake mwenyewe. Nasif alibandika stika juu ya boneti, USIGUSE, akaagana nao kwa machozi. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Alikuwa akizuia kicheko.

Alicheka Nakivale nzima. Alicheka Isingiro nzima. Alimsimulia kuku habari yote, toka mawese mpaka vigelegele, na kuku alimsikiliza kwa jicho moja. Pikapu ilikuwa na mlio wa ajabu kidogo, kama mtu anayesafisha koo, lakini Nasif aliona ni mlio wa gari kubwa, naye alikuwa amezoea dogo. Akaupita mji wa Mbarara bila kusimama, akashika barabara kuu ya Masaka, akampigia simu yule jamaa yake amwambie aandae chakula.

Kilima cha Biharwe kilikuwa na maoni mengine.

Kwanza pikapu ilikohoa. Kisha ikatetemeka, mpaka kuku akaanza kusali kwa lugha yake. Kisha moshi mweupe ukatoka pande zote za boneti, na pamoja na moshi ikatoka harufu nzito, tamu, ya mawese yanayokaangwa. Vijana wa bodaboda waliokuwa kando ya barabara wakainua pua.

"Nani anapika?" mmoja aliuliza.

Pikapu ilikata pumzi, ikarudi nyuma kidogo, ikaegemea ukingo na kunyamaza. Nasif alishuka. Mtu aliyeuza stika za usiguse katika mji mzima sasa alisimama mbele ya boneti yake mwenyewe, hajui aguse wapi. Alipapasa kulia, akapapasa kushoto, akaungua kidole, akaanza kuipiga ngumi.

Kutoka kwenye banda la gereji lililokuwa juu kidogo ya barabara akashuka fundi mmoja mwenye ovaroli, akitembea bila haraka. Jina lake Musoni. Hakuitazama injini kabisa. Alimtazama Nasif, tena kwa huruma.

"Pole, ssebo, bwana wangu. Wewe ni pasta, au ni mtu wa bima?"

"Mimi? Mimi ni afisa wa waranti."

"Waranti!" Musoni aliinua nyusi kwa heshima. "Hiyo ni mpya. Wa kwanza alikuwa pasta, alisema gari lina pepo, analipeleka kuombewa. Wa pili alikuwa wa bima. Huyo alijitahidi, alilibembeleza akafika mpaka Sanga, mbele huko." Akaifungua boneti kwa kidole kimoja. Stika ilichanika katikati. "Hili ni gari la Mama Mariette. Mwili wa harusi, moyo wa matanga. Injini ilikuwa ya mashine ya kusaga mahindi. Tambarare linakwenda vizuri. Kilima hiki halijawahi kukivuka bila kubembelezwa."

Nasif alikaa chini kwenye majani. Halafu akasimama akayakimbilia magunia, akafungua moja. Makapi ya mahindi. Akafungua la pili. Makapi ya maharage.

Musoni alikuwa tayari na simu sikioni. "Mama, habari ya mchana? Ndiyo, amefika. Hapana, mzima, ameungua kidole tu. Huyu hapa."

"Allô, Papa Inspecteur?" Sauti ya Mama Mariette ilikuwa na furaha kama ya mtu anayempigia mwanawe. "Umefika Biharwe? Pole na safari."

"Mama, umenidanganya!"

"Mimi? Mimi nilikuambia gari ni mugonjwa, iko na mawese ndani. Wewe ulisema utaipeleka hospitali. Unaipeleka Masaka, ni hospitali gani iko kule?"

Nasif alianza kuibandua ile stika iliyochanika.

"Nikuambie kitu, mutoto wangu," Mama Mariette aliendelea, na sauti yake ikatulia. "Nilipofika hapa toka Kivu, nilinunua gari ya kweli. Ndogo, ya zamani, lakini ya kweli. Mutu mumoja wa mujini akakuja na chemise ya kupigwa pasi. Akasema anaipeleka kuandikisha. Mupaka leo anaandikisha. Nililia, macho ikavimba, watu bakasema nimeumwa na nyuki. Njo nikasema, bon. Kama batu ya mujini banakuja huku kutafuta bajinga, mimi nitabauzia bajinga. Iko mingi, na bei ni muzuri." Akavuta pumzi. "Kaa hapo usisumbuke. Nestor anakuja kuwavuta na gari yake."

"Gari yake?"

"Yako, yake. Si kampuni ni moja?"

Jua lilipoanza kuinama, lile jekundu lilipanda kilima cha Biharwe likiwa limebeba kamba ya kuvutia na Mzee Nestor, kofia yake kichwani. Moyo wa Nasif uliruka alipoliona. Hakulia. Mjanja wa kweli hufikiri hata akiwa shimoni, na Nasif alikuwa amekwisha kupata wazo: Nestor ni mzee, lazima atasimama mjini kunywa chai au kwenda haja. Akishuka tu, Nasif ataingia kwenye kile kiti kinachomjua, kamba ataikata, na kwaheri.

"Papa Inspecteur," Nestor alisema kwa unyenyekevu, akifunga kamba kwenye pikapu, "utatusaidia kushika usukani? Mimi siwezi kuendesha mbili."

"Kwa moyo wote, Mzee," Nasif alijibu, na kwa mara ya kwanza siku ile alimaanisha. Alivua koti jeupe, akalikalia.

Wakashuka kuelekea mjini, jekundu mbele, pikapu nyuma, kuku katikati ya mambo. Nasif aliitazama taa ya nyuma ya gari lake ikiwaka na kuzima, akaikazia macho kama paka anavyomlenga panya. Kidogo tu, aliliambia. Vumilia kidogo.

Walikuwa hawajafika mjini trafiki alipowasimamisha. Afande mrefu, mkono juu, akalizunguka gari jekundu kimya, kisha akamwita mwenzake.

"Ni hili, au si hili?"

"Dogo, jekundu, jipya," mwenzake alisema. "Linafanana."

Nestor alishuka, akavua kofia. Nasif naye akaitwa mbele.

"Kuna mtu anazunguka na gari kama hili," afande alieleza. "Amevaa koti jeupe, anajiita daktari wa magari. Amekula pesa za watu mji mzima. Yuko Madam mmoja wa nguo za harusi amekaa kituoni tangu asubuhi, anasema akimwona mwenye gari hili tu atamtambua, na amekuja na mkasi." Akamgeukia Nestor. "Mzee, hili gari ni la nani?"

Mzee Nestor aliikunja kofia yake mikononi. Alimtazama afande, akamtazama Nasif, na katika ule uso wa kuomba radhi kulipita kitu kidogo sana, kama samaki anavyopita chini ya maji.

"Afande, Kiswahili yangu ni kidogo. Uliza huyu kijana. Yeye njo anajua."

Maafande wote wawili wakamtazama Nasif.

Kwa neno moja tu, Nasif angeweza kulirudisha gari lake. Ni langu. Kadi ilikuwa ndani, jina lake juu yake. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi. Kisha akaufikiria ule mkasi.

"La huyu mzee," alisema.

"Una hakika?"

"Hakika kabisa, afande. La mzee na mke wake. Wanabebea maharage. Nenda Nakivale uulize mtu yeyote, wote wanajua."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi? Hakuna. Nasaidia tu kushika usukani."

Afande alitafakari. Alimtazama Nestor juu mpaka chini, kofia ya kitambaa, mikono yenye udongo wa shamba, na ikawa wazi hata kwake kwamba huyu si daktari wa chochote. Akapiga saluti. "Samahani, Mzee. Nenda salama na gari lako."

Nestor alirudisha kofia kichwani. Lakini kabla ya kupanda, alitembea hadi kwenye dirisha la pikapu, akainama karibu na sikio la Nasif.

"Asante, mutoto," alinong'ona. "Mama alisema, ule atasumbua, atataka kuiba gari tukifika mujini. Mimi nikamwambia hapana, ule kijana iko na roho ya kutoa. Uliitoa mbele ya majirani, na leo umeitoa mbele ya serikali."

Kamba ikakaza. Pikapu ikasogea. Nasif alishika usukani kwa mikono miwili, na walipoanza kuziona nyumba za kwanza za Mbarara kicheko kilimtoka bila ruhusa yake, kikubwa, cha kumwaga machozi, mpaka kuku akaruka na miguu yake iliyofungwa, akaenda kukaa kwenye dashibodi, mbali naye, amtazame vizuri.